Seva ya nyumbani Oli: kwanza umeme, programu baadaye

Watu wakisikia kwamba nyumbani kwangu kuna seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote na kugawia nyumba nzima picha, vitabu na filamu, swali la kwanza huwa ni programu gani nimeweka. Mimi huwarudishia swali: umeme wenu hukatikaje, na ukirudi hurudi vipi? Hapo mazungumzo hupoa kidogo, kwani walitaka kusikia habari za filamu na picha, si za betri. Lakini ninaishi Oli, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na huku anayeanza na programu atajikuta amerudi kwenye umeme kabla mwezi haujaisha.

Sisi wa West Nile, eneo ilimo Arua, tulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Tulikuwa na jenereta za dizeli, halafu tangu 2012 likaja bwawa dogo la Nyagak, megawati 3.5, na mji mzima ukajifunza kupiga pasi na kuchaji simu kwa zamu. Leo tumeunganishwa kwa laini ya kilovolti 132 inayopitia Gulu na Nebbi, na hali ni nafuu kuliko zamani. Hata hivyo mazoea ya enzi ile hayajanitoka, na sioni kwa nini yanitoke. Nyumba iliyozoea giza hupanga mambo yake vizuri zaidi.

Kinachoua vyombo mara nyingi si umeme kukatika bali kurudi kwake. Mtaa mzima unakuwa umeacha friji, feni na pasi kwenye soketi, swichi hazijazimwa, na ule msukosuko wa dakika za mwanzo, volti zikipanda na kushuka kabla hazijatulia kwenye 240, ndio unaochoma adapta za ruta. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza cha seva hakikuwa kompyuta. Ni friji gadi, kile kiboksi cheupe ambacho kila mwenye friji hapa anakijua: umeme ukirudi hakiruhusu upite papo hapo, kinasubiri dakika chache mpaka volti zikae sawa. Kimetengenezewa friji, lakini hakibagui. Ruta na seva yangu vyote vinakula kupitia kwake.

Halafu kompyuta yenyewe. Vijana wengi wanataka Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kwa sababu wameiona kwenye video. Ni chombo kizuri, sina ugomvi nacho. Ila kwa mazingira yetu mimi nachagua laptopu kuukuu, zile zilizotumika ofisini Ulaya au Dubai kisha zikaja kuuzwa Kampala, na ikiwa kioo kimepasuka ndiyo bora zaidi, bei inashuka na seva haihitaji kioo. Laptopu inakuja na betri yake ndani, kwa hiyo umeme ukikatika haishtuki. Inakuja na saa yenye betri yake pia. Hili la saa watu hulidharau. Raspberry Pi 4 haina saa ya ndani: ikizimika na kuwaka wakati intaneti haipo, haijui ni tarehe gani, na programu nyingi huchanganyikiwa, picha zinapangwa vibaya, tovuti salama zinakataa kufunguka. Tena Pi ikiendeshwa kwa kadi ya SD, kukatikiwa umeme katikati ya kuandika ni njia ya haraka ya kuiua hiyo kadi.

Kwenye matumizi hofu ya watu ni kubwa kuliko hesabu. Laptopu kama yangu, kioo kimezimwa, hula kama wati 15. Kwa saa 24 na siku 30 ni uniti 10.8. Ukichukua bei ya shilingi 800 kwa uniti, hiyo ni shilingi 8,640 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani inayokula wati 80 muda wote itakutoa shilingi 46,080 kwa bei hiyohiyo. Tofauti hiyo inanunua diski kila baada ya miezi michache.

Niliiwekea Debian, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux. Mambo mawili ya laptopu yanahitaji kushughulikiwa mapema. La kwanza, ukifunga kifuniko inalala. Kwenye faili la logind.conf kuna mstari wa HandleLidSwitch, uandike ignore, basi itaendelea kufanya kazi ikiwa imefungwa kabatini. La pili ni zito: betri inayokaa asilimia 100 mwaka mzima, tena kwenye joto la Arua la Januari na Februari, huvimba. Laptopu nyingi za kiofisi zinakuruhusu uweke kikomo cha chaji. Yangu inaishia 80. Na kila nikipangusa vumbi napitisha kiganja juu ya pedi ya kugusa. Pedi ikianza kuinuka, au kifuniko kikawa hakifungi sawasawa, betri hiyo inatoka siku hiyohiyo, haingoji mwisho wa mwezi.

Upande wa ruta kuna kile kibetri kidogo cha volti 12 kinachouzwa madukani, unakichomeka kati ya adapta na ruta. Hapa kuna ujanja wa lebo. Kwenye boksi wameandika mAh 8,800, kipimo cha chaji ya betri, na mnunuzi anazidisha kwa volti 12 na kufurahi. Seli zilizo ndani ni za volti 3.7. Hesabu ya kweli ni 8.8 mara 3.7, yaani wati-saa 32 na kidogo. Ruta inayokula wati 7 itakaa saa nne hivi ukiondoa kinachopotea njiani, si kumi na tano. Saa nne si haba. Lakini mtu akinunua akitarajia usiku kucha, atadhani ameuziwa feki.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Umeweka betri, ruta inawaka, seva inawaka, na intaneti haipo. Bila shaka haipo: mnara au kifaa cha mtaani nacho kimekosa umeme, au bando limeisha, au tatizo liko mbali kabisa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa siku kadhaa. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, huko kusini, na sisi tusio hata na pwani tukakaa na intaneti ya kukokota. Ukiongeza kwamba tangu Julai 2021 bando linalipiwa ushuru wa asilimia 12, baada ya ule wa shilingi 200 kwa siku wa mitandao ya kijamii ulioanza 2018, utaelewa kwa nini nilikata shauri kuwa nyumba yangu isiombe nje kitu ambacho inaweza kuwa nacho ndani. Picha za familia, vitabu vya watoto, kamusi, mawaidha, filamu za Jumamosi: vyote hivyo havina haja ya kuvuka bahari kila vinapotazamwa.

Mama mkwe wangu ndiye mtumiaji mkali kuliko wote. Mtaa mzima wanamwita Hajati. Anasikiliza qiraa kila alfajiri kutoka kwenye seva, kupitia Jellyfin, programu ya kucheza sauti na filamu zilizo kwenye seva, kwenye simu yake. Intaneti ilipopotea asubuhi moja, akaniita.

"Mwanangu, mashine yako imekufa."

"Haijafa, Hajati. Nipe simu nione."

Seva ilikuwa nzima. Simu ndiyo iliyokimbia. Simu nyingi za Android zikiona waifai haina intaneti huiacha kimyakimya na kuhamia data ya laini, na kwenye data ya laini seva ya nyumbani haionekani. Yaani ule wakati hasa uliojiandalia seva ndio wakati simu inakutoroka. Dawa iko kwenye mipangilio ya waifai: zima kile kipengele cha kuhamia data ya simu chenyewe, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye mtandao usio na intaneti, ikubalie na uweke alama isiulize tena. Nimepita simu zote za nyumbani nikifanya hivyo. Hajati aliuliza kama nimeibadilisha mashine. Nikamwambia nimeifundisha simu adabu, akacheka, akarudisha kichwa kwenye mto.

Cha pili kilichobadilisha nyumba ni Kiwix. Hii ni programu inayobeba Wikipedia nzima katika faili moja na kuisoma bila intaneti. Seva inaigawa, na kila simu nyumbani inaifungua kama tovuti ya kawaida. Kuna pia vitabu vya Project Gutenberg na masomo ya Khan Academy. Wikipedia ya Kiswahili ni nyepesi, hata simu inaibeba. Ya Kiingereza pamoja na picha zake inapita gigabaiti 100, na hapo bando linakaa kando.

Njia niliyoitumia ni basi. Shemeji yangu yuko Kampala na ana faiba kazini ambako usiku haina mtu. Nilimtumia diski ya terabaiti moja, akaijaza taratibu, akaifunga kwenye nguo kuukuu na kuikabidhi ofisi ya vifurushi ya basi. Kutoka Kampala hadi hapa ni karibu kilomita 500, kupitia Karuma na Pakwach. Nilikaa nikapiga hesabu kwa kujifurahisha: terabaiti moja kwa saa tisa za safari ni zaidi ya megabiti 240 kwa sekunde. Sijaona laini ya nyumbani hapa Oli inayokimbia hivyo, na nauli ya kifurushi haina ushuru wa asilimia 12.

Kama utaiga njia hii, mwambie anayekujazia mambo mawili. Diski isiwe ya mfumo wa FAT32, maana huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na faili la Wikipedia ni moja, zima. Iwe exFAT, au ext4 kama seva yako ni Linux. Pili, akutumie ile namba ndefu ya uhakiki ya sha256 inayotolewa pamoja na faili, kisha wewe uipime upya diski ikifika. Barabara ina mashimo yake, na faili la gigabaiti 100 lililoharibika mahali padogo linaweza kufunguka vizuri mpaka siku mtoto anapotafuta habari za moyo na mapafu.

Wakati wa kuvuta nyaya nilimwita fundi wa mtaani. Akaja na bunda la kebo ya bluu, imeandikwa Cat6, daraja la kebo ya mtandao, kwa herufi kubwa. Nikaliinua. Jepesi mno.

"Mwalimu, hii ni shaba tupu," akasema, akijua ninakoelekea.

"Sawa fundi, niazime wembe."

Nikamenya waya mmoja na kuukwangua taratibu. Juu nyekundu, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Fundi akatazama pembeni, kisha akasema bila haya kwamba ile ya shaba ipo ila wateja hawataki bei yake. Anasema kweli, na simlaumu. Kebo ya alumini hufanya kazi siku unayofungiwa. Baadaye hukatikia ndani palipokunjwa, ncha hulegea kwenye plagi, na unaanza kumlaumu mwenye intaneti kwa kosa la waya. Nilinunua mita chache za shaba badala ya bunda zima la alumini, nikapanga upya mahali pa ruta ili nyaya ziwe fupi. Seva na televisheni zina waya. Simu zinabaki hewani.

Waya huo haukutoka nje ya ukuta, na hapo sikubali kujadiliana na mtu. Jirani mwenye kibanda cha kuchapisha, ng'ambo ya ua wetu, alitaka nimvutie kebo kupitia juu ya mabati. Nchi hii ina radi nyingi mno. Agosti 2020, hapahapa Arua, radi iliua watoto waliokuwa wamejikinga mvua kibandani baada ya kucheza mpira. Radi haihitaji kukupiga moja kwa moja ndipo ichome vifaa. Ikipiga karibu, waya mrefu wa shaba uliotandazwa nje huokota umeme wa kutosha kuua ruta upande huu na kompyuta upande ule. Friji gadi haitasaidia, maana mshtuko unaingilia tundu la mtandao, si soketi. Kati ya majengo mawili weka faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme, au vile visahani viwili vya waifai vinavyotazamana. Jirani alichagua visahani. Na wingu likijaa kutoka upande wa Kongo, mwanangu mkubwa anajua kuchomoa adapta zote bila kuambiwa. Seva inabaki kwenye betri yake.

Waifai yenyewe sina mengi. Nyumba zetu ni matofali ya kuchoma, nondo za dirisha na tangi la maji, na vyote hivyo hula mawimbi. Ruta ikae juu, katikati, nje ya kabati. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza. 5 GHz ni kwa chumba ilimo ruta na pengine kinachofuata.

Pi-hole, ile programu ya kuzuia matangazo kwa nyumba nzima, naipenda kwa sababu kila tangazo lisilopakuliwa ni bando lililobaki. Lakini ina sharti lake. Nyumba nzima itakuwa inaiuliza seva anwani za tovuti, kwa hiyo seva ikizimwa, wote wataona intaneti imekufa hata kama laini ni nzima. Watu hujibu hilo kwa kuongeza kwenye ruta DNS ya pili ya nje, yaani mjibu mwingine wa anwani hizo. Sasa simu hazisubiri ya kwanza ife ndipo ziulize ya pili. Huuliza yoyote, na matangazo yanarudi nusu nusu. Mimi niliacha moja tu, na nikabandika karatasi juu ya ruta ikionyesha namna ya kurudisha mpangilio wa kawaida iwapo mimi sipo. Baba watoto ameitumia karatasi hiyo, akalalamika kuhusu mwandiko.

Watoto wa majirani walipojua kuna masomo na filamu zisizokula bando, baraza likajaa. Nilidhani mtandao wa wageni ulio kwenye ruta ungetosha, lakini kwa kawaida mtandao huo unampa mgeni intaneti na kumzuia asifikie vifaa vya ndani. Mimi nilitaka kinyume chake: wafikie Kiwix, wasifikie bando langu. Nikachukua ruta ya zamani isiyo na laini yoyote, nikaiunganisha na laptopu kwa kiunganishi cha pili cha mtandao cha USB, nikaiwekea ukuta wa kinga wa programu (firewall) ili kutoka huko waone Kiwix na filamu za watoto basi. Picha za familia na faili zangu za shule haziko upande huo. Sasa baraza lina waifai isiyo na intaneti, na haijawahi kuisha bando.

Nakala za akiba ni suala ambalo watu wanalikubali kwa mdomo tu. Diski mbili ndani ya laptopu moja si akiba. Mwizi anabeba zote kwa mkono mmoja. Picha zinatoka kwenye simu kwenda kwenye seva kwa Syncthing, programu ya kunakili faili zenyewe kati ya vifaa, na nakala ya tatu iko kwenye diski ya nje nyumbani kwa dada yangu, mtaa wa Mvara. Tunabadilishana kila nikienda kumsalimia: naacha mpya, narudi na ya zamani. Diski hiyo imefungwa kwa nywila, kwa sababu dada yangu ana wageni wengi na picha za Hajati akiwa Makka si za kila mgeni. Nywila imeandikwa kwenye daftari lililoko kwa mtu wa tatu.

Limebaki la kufikia seva ukiwa safarini, ndilo linaloombwa zaidi na ndilo ninalolifanya mwisho. Fungua ukurasa wa ruta yako uangalie anwani ya IP ya upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya anwani ya pamoja ya kampuni: wateja wengi mnatoka nje kwa anwani moja, na hakuna kufungua milango (port) kwenye ruta kutakakomwezesha mtu wa nje kukufikia. Usihangaike na video zinazokwambia ufungue mlango fulani. Hata ambaye ana anwani yake mwenyewe, simshauri aiweke Jellyfin uchi kwenye intaneti. Njia safi ni WireGuard, programu ya njia ya siri iliyosimbwa (VPN) kati yako na nyumbani, na kwa sisi wa anwani ya pamoja lazima pawe na seva ndogo ya kukodi mahali fulani ambayo nyumba na msafiri wote wanaifikia na kukutania hapo.

Mimi binafsi nikisafiri nabeba vitabu viwili kwenye simu na kusubiri kurudi. Aliyetaka ni shemeji wa Kampala, aone picha za mama yake na afuate filamu alizozipakua yeye mwenyewe. Nikamwambia seva ya kukodi inalipiwa kwa dola, kila mwezi. Analipa yeye.